Mguu Unaolia

Watu husema mama mkwe wangu ana kiburi, na wanasema kweli. Nimeishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa, nimekula naye, nimegombana naye, tumenuniana asubuhi na kupatana kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kwa hiyo nikisema ana kiburi msinihesabie umbea, mnihesabie ushahidi. Ila kiburi chake kina mahali kinapokaa. Kwa wengine kinakaa usoni, kwa wengine mdomoni kama mimi. Chake kinakaa miguuni.

Mama ni mfinyanzi. Wateja wanamwita Mama Mitungi, na mitungi yake ya maji utaikuta kwenye nyumba ambazo sisi wenyewe hatujui hata njia ya kufika. Wafinyanzi wenzake wanakanda udongo kwa mikono au wanaupiga kwa mti. Yeye anaukanyaga. Nyuma ya jiko letu kuna shimo pana, kina chake kinaishia kwenye vifundo vya miguu, limetandikwa turubai kuukuu. Udongo ukishalowekwa unamwagwa pale, naye anaingia peku, anashika kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya jiko asiteleze, anafumba macho, anaanza. Hasemi neno. Anabonyeza kisigino, anageuza wayo, anasogea kidogo, anabonyeza tena. Mara anasimama, anainua mguu, na katikati ya kidole gumba na mwenzake kabana kijiwe kidogo kama punje ya mtama. Anakitupa nje ya shimo bila kufumbua macho, anaendelea.

Watu walikuwa wanakuja kuutazama mchezo ule. Ukimuuliza kwa nini asichekeche udongo kama wenzake, anakujibu kwamba chekeche halina akili, linatoa kibaya pamoja na kizuri. "Miguu yangu ina macho," alikuwa akisema, na alikuwa anaamini. Shimo lile hakuruhusiwa mtu mwingine kutia hata kidole. Nilipokuwa bibi harusi mgeni nilijaribu siku moja, nikidhani nasaidia kazi. Alinifukuza kama anavyofukuzwa kuku jikoni. Toka siku hiyo kazi yangu ikawa kuchota maji, kupanga kuni na kuchoma mitungi, na yeye akanipa jina la Redio, eti nikiwashwa sizimiki.

Sasa, mama ana kisukari, na anacho kwa muda mrefu. Siku aliyoambiwa aache sukari aliiacha kwa kishindo, akabeba kopo zima akampa jirani, na tangu hapo chai yetu sote ni chungu kama talaka. Vidonge anameza kwa saa. Lakini zahanati hakuwa anakwenda, ananituma mimi kuchukua dawa. Kila nikifika nesi ananiuliza, mwenyewe yuko wapi? Namjibu yuko shimoni. Nesi anacheka, halafu anakuwa makini, anasema mwambie aje siku ya kliniki ya kisukari, tunazungumza habari za miguu. Nilimfikishia mama ujumbe huo kila mara, na kila mara alijibu vilevile: mwenye macho haambiwi tazama. Yeye wa kufundishwa miguu? Mimi nani hata nimbishie mama wa mume wangu kuhusu miguu yake.

Basi mwaka jana mitungi ikaanza kupasuka.

Kwanza ulipasuka mmoja motoni, puu, tukasema ni bahati mbaya. Uchomaji uliofuata ikapasuka zaidi. Na ilikuwa imekuja vibaya, kwa sababu shule ilikuwa imeagiza mitungi ya maji ya kunywa, mtungi mmoja kila darasa, na mwalimu mkuu alikuwa ametangazia wazazi kwamba itatengenezwa na Mama Mitungi mwenyewe. Mama alitembea na habari ile kama mtu aliyevishwa taji. Halafu tunafungua majivu tunakuta vigae.

Unadhani nani alilaumiwa? Mama alisimama juu ya vile vigae, mikono kiunoni, akaniambia moto wangu una haraka kama mdomo wangu. Nikapunguza kuni. Ikapasuka. Nikaanika mitungi siku nyingi zaidi kabla ya kuichoma. Ikapasuka. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Nikampigia simu nikamlalamikia hadi salio likaisha. Naye, kama kawaida ya wanaume wakiwa kati ya mama na mke, akasema vumilieni.

Nikavumilia wapi! Nilikusanya vigae nikakaa navyo kwenye kigoda, nikavitazama kimoja kimoja. Kila mahali mtungi ulipopasukia palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kijiwe cheupe. Vingine vilikuwa vikubwa kama punje ya mahindi. Nikavipanga kwenye sinia, nikamwekea mama mbele yake kwa adabu zote, nikanyamaza. Akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha akaniinulia macho, akauliza ni nani anayemtupia mawe kwenye udongo wake.

Na alikuwa ananitazama mimi!

Hapo hasira zilinipanda hadi nikaona giza. Niliapa moyoni kwamba kesho yake sitoki pale shimoni mpaka huyo mchawi wa mawe apatikane. Asubuhi nikabeba kigoda changu nikakiweka ukingoni. Mama akaniuliza kama nimekosa kazi. Nikamwambia leo kazi yangu ni ulinzi. Akafyonza, akashika kamba yake, akafumba macho.

Nilimtazama akizunguka mara ya kwanza, na ya pili. Udongo wetu ni wa kijivu. Alipoinua mguu wa kulia nikaona kwenye kijivu kile mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Nilidhani ni kutu ya turubai. Akakanyaga, akainua, mstari ukanenepa.

Nikamwambia, "Mama, simama."

Hajawahi kukatizwa pale shimoni. Alifumbua macho akiwa tayari ameshika tusi, lakini aliponiona uso alilimeza. Nikaingia shimoni na viatu vyangu, nikamshika kifundo, nikauinua mguu ule nikaugeuza. Chini ya kidole gumba kilikuwa kimejichomeka kigae chenye ncha, kimezama hadi nusu, na yeye alikuwa anakikanyaga kama mtu anayekanyaga zulia. Nilipomwosha udongo nikaona la pili, baya zaidi. Pembeni ya kile kigae, chini ya sugu yake ya miaka yote, kulikuwa na tundu la zamani, limeoza kingo, linatoa maji ya harufu mbaya. Tundu lile halikuwa la siku ile wala la wiki ile.

"Haiumi," mama akasema.

Alisema kama anayenituliza. Alitaka nilete maji ya moto na chumvi auloweke mguu, na jirani yetu mfyatua matofali, ambaye hapitwi na jambo, akadakia kutoka ng'ambo ya ua kwamba ndiyo, ndiyo, maji ya moto. Fundi Matofali naye ana kisukari. Ni mtu wa mizaha, mwili mkubwa, kutwa yuko kwenye tope lake na mabuti yake ya mpira. Akaongeza kwamba kidonda kisichouma si kidonda, na kama Mama Mitungi anatishwa na kigae basi yeye wa matofali atishwe na nini, mlima?

Nikaleta maji yakitoka mekoni, nikaweka beseni chini, nikageuka kuchukua ya baridi nipoze. Niligeuka tu! Nasikia mama ananiuliza mbona maji yenyewe vuguvugu. Mvuke unamfika magotini, na ncha ya kidole imo ndani. Nililipiga teke lile beseni likaruka hadi kwenye kuni. Mkono wangu uliorushiwa matone ulibaki na alama. Kidole chake kiliota lengelenge palepale, na yeye anakitazama kama kidole cha mgeni.

Sasa nikaogopa kweli. Nilimkumbuka mjomba wangu mimi, aliyeanza na kidonda hivihivi akaishia kukatwa mguu, na jinsi tulivyokuwa tukiambizana nyumbani kwamba amerogwa. Nikamwambia mama tunakwenda zahanati. Akarudia kwamba haiumi.

"Ndiyo maana tunakwenda," nikamwambia.

Zahanati yetu ni vyumba viwili na baraza. Ndani kuna kitanda chenye mpira wa kijani, mizani, na ukutani picha ya mguu yenye rangi zilizopauka kwa jua. Nesi alimpokea mama kama mgeni aliyesubiriwa siku nyingi, bila kumlaumu kwa lolote. Alimsafisha, akatoa kile kigae kwa kibano, akaitazama ile sugu, akaguna. Kisha akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni. Akamwomba mama alale, afumbe macho, na kila atakapohisi ameguswa aseme ndiyo.

Kufumba macho, mama ni bingwa. Akafumba, na uso ukapata utulivu uleule wa shimoni. Nesi akagusa kidole gumba. Mama kimya. Akagusa katikati ya wayo, uzi hadi ukapinda. Kimya. Nikaona kope za mama zinacheza. Halafu akasema, "Ndiyo."

Nesi alikuwa hajamgusa. Alikuwa ameinua uzi, anautazama.

"Ndiyo," mama akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Ndiyo. Hapo kisiginoni. Ndiyo."

Uzi ulikuwa hewani. Nesi alinitazama, nami nikatazama ukutani, kwa sababu machozi yalikuwa yananijaa na sikutaka mama afumbue macho akanikuta hivyo. Nimegombana na mwanamke huyu kuhusu chumvi, kuhusu kuni, kuhusu namna ninavyofagia, lakini siku ile ningetoa chochote asikie ule uzi hata mara moja.

Nesi aliuweka mezani taratibu, akavuta kiti, akamweleza. Kwamba kisukari kikikaa mwilini kinaweza kuua hisia za nyayo polepole, ganzi kidogo, ganzi kidogo, hadi mtu anakanyaga msumari asijue. Kwamba damu nayo huenda isifike vizuri chini kule, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona na kinachimba. Kwamba atatuandikia twende hospitali kubwa wakapige picha waone kama kimefika mfupani, kwa sababu kikifika mfupani mguu unaweza kukatwa. Alisema neno hilo bila kulizungusha. Mama alisikiliza yote akiwa ameketi wima. Swali lake likawa moja tu, tangu lini. Nesi akajibu kwamba hilo hata yeye hawezi kujua.

Lakini mimi nilijua, na mama alijua. Mitungi ilikuwa imetuambia.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja shimoni, nikadhani anaanza ubishi. Alisimama tu ukingoni, akalitazama. Kisha akaniambia, "Ni mimi niliyekuwa natupa mawe." Akaingia ndani. Kwa mama yule, kuomba radhi zaidi ya hapo ni miujiza, na sikuhitaji zaidi.

Hospitali kubwa wakapiga picha. Mfupa ulikuwa mzima, lakini daktari alituonyesha kwa ncha ya kidole nafasi iliyobaki kati ya tundu na mfupa, na nafasi yenyewe hata kuiita nafasi ni heshima. Wakakata nyama iliyokufa, wakampa dawa, wakamwambia mguu ule usibebe uzito mpaka wao waseme. Asikanyage udongo wala sakafu. Akaze kamba kwenye sukari ya damu, kidonda kifungwe upya kila siku, na akiona wekundu au uvimbe asingoje kesho.

Asikanyage. Mnaelewa walimwambia nani neno hilo? Siku za mwanzo nililinda ule mguu kuliko mlinzi wa benki. Nilimkuta anaruka kwa mguu mmoja kwenda kuangalia udongo kama umekauka, nikamrudisha. Nilimkuta ameshika nguzo ya jiko, anajidai anapunga hewa, nikamrudisha. Alininunia. Fundi Matofali alikuwa akipita na kutania kwamba Mama Mitungi siku hizi ni malkia, hakanyagi ardhi, na mama alikuwa anageuzia uso ukutani. Shule walituma mtu kuuliza mitungi. Nilimsikia mama akimjibu kwa sauti ndogo kwamba watafute mfinyanzi mwingine. Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kinywani mwake, na iliniuma kuliko matusi yake yote aliyowahi kunitukana.

Nilimkimbilia yule mtu wa shule barabarani, nikamwambia mitungi itakuja. Nikarudi, nikavua viatu, nikanawa miguu, nikajitazama nyayo kama nina mchubuko, nikaingia shimoni.

Mama aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake mlangoni, mguu wake umeinuliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilingoja anifukuze. Alinitazama ninavyorukaruka kama mtu anayeua siafu, akavumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda. Akaniagiza nimsogeze na kiti chake hadi ukingoni.

"Shika kamba. Fumba macho. Na ufumbe mdomo, Redio."

Nikafumba vyote viwili, lakini mdomo haukudumu. Jamani, mawe yanauma! Kila nilipokanyaga kijiwe nilipiga yowe, nikainua mguu, nikakitoa kwa mkono kwa kuwa vidole vyangu havikujua kubana. Aibu ilinishika. Yeye alifanya kazi ile kimya maisha yake yote, na mimi napiga kelele hadi majirani wanachungulia. Nikamwomba radhi, nikasema nitajikaza.

"Usijikaze," mama akasema. "Lia. Mguu unaolia ndio ninaoutaka."

Nikafumbua macho nimtazame. Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka, na hakujishughulisha kuyafuta. Tulifanya kazi hivyo, mimi nikilia, yeye akielekeza: kisigino, geuza, sogea, hapo umeparuka, rudi. Alipofinyanga, alifinyanga ameketi, mguu juu ya ndoo, na mikono yake ilikuwa ileile. Tulipochoma mitungi ya shule alinikataza kufukua majivu peke yangu. Tukaifukua pamoja. Aligonga mmoja baada ya mwingine kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, na kila mmoja uliitika. Hakuna uliopasuka. Hakunisifu. Aliniambia tu kwamba shimo ni letu sasa, siyo lake, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikarukaruka peke yangu kama mtoto.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, na kulikuwa na siku mbili tatu tulizorudi hospitali roho zikiwa mkononi. Lakini kilifunga. Fundi viatu akamshonea viatu vya ngozi laini, vipana, vimefunikwa mbele. Mama alivitukana sana, akaviita mitumbwi, na akavivaa. Jioni anaketi, anaweka kioo cha kunyolea cha mwanawe sakafuni, anatazama nyayo zake ndani ya kioo, maana nyani haoni kundule na binadamu haoni wayo wake. Kisha ananiita nami nitazame, kwa sababu macho yake hayaamini tena peke yake. Tunakausha katikati ya vidole. Maji ya kuoga anayapima mtu mwingine kwa kiwiko. Vidonge vyake siku hizi anafuata mwenyewe.

Ndipo nesi akamwomba aje aseme maneno machache siku ya kliniki. Mama akasema yeye si mtu wa mikutano. Usiku nikasikia sanduku linafunguliwa, na asubuhi nikamkuta amevaa nguo yake ya kutokea.

Baraza lilikuwa limejaa. Wakulima, mama muuza mkaa, Fundi Matofali kwenye benchi la nyuma na mabuti yake, ametoka kazini moja kwa moja. Nesi alieleza kuhusu miguu, akaonyesha ile picha iliyopauka, na watu walisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo, mmoja anapiga miayo, mwingine anahesabu mabati ya paa la jirani. Kisha akamkaribisha mama.

Mama hakuhutubia. Alivuta stuli, akavua kiatu, akavua soksi, akaweka mguu juu ya stuli na kugeuza wayo kwa watu wote, mwanamke wa heshima yake, ambaye hata watu wa rika lake hawajawahi kumwona magoti. Minong'ono ikapita. Lile kovu lilionekana hadi benchi la nyuma. Akamwambia nesi alete ule uzi.

Nikajua anachotaka kufanya.

Akafumba macho. Nesi akagusa kidole gumba, uzi ukapinda. Mama kimya. Akagusa katikati. Kimya. Kisigino. Kimya. Mwisho mama muuza mkaa hakuweza kustahimili, akamwambia kwa upole, "Amekugusa, mama."

Mama akafumbua macho. "Najua, kwa kuwa umeniambia wewe," akasema. "Mguu wangu haukuniambia. Mnanijua mimi. Miguu hii ilikuwa inaona kijiwe gizani, na iliacha kuona bila kuniaga. Siku ya kwanza nilipowekewa uzi huu nilidanganya. Nilisema ndiyo, ndiyo, na nesi hajanigusa. Kujidanganya kwa namna hiyo nusura kunikate mguu. Leo nimekuja kusema mbele yenu kwamba sisikii. Na kwa kuwa sisikii, natazama. Kila siku natazama. Sasa na nyie vueni."

Hakuna aliyetikisika. Mama alibaki amesimama, mguu juu ya stuli, na simjui mtu anayeweza kushindana naye kwa kungoja. Fundi Matofali akajaribu mzaha, akasema yake haifai kuvuliwa mbele za watu, itawaua kwa harufu. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akamwambia, "Jirani, nakuomba."

Alisema nakuomba. Fundi Matofali alikuwa anaijua sauti ya mama kwa miaka, na neno hilo hakuwa amewahi kulisikia kwake. Akainama, akavuta buti la kushoto, likatoka kwa mlio. Akalipindua kutoa tope lililokauka. Kikadondoka kizibo cha soda, meno juu, kikazunguka sakafuni, kikalala.

Alikitazama. Akageuza wayo wake, na pale katikati palikuwa na alama ya duara, kila jino la kizibo limejichora, nyekundu, ngozi imeanza kulowa lakini haijapasuka. Alikuwa amekitembelea tangu alfajiri, pengine tangu jana. Hakufanya mzaha. Alisema tu, polepole, "Mbona hakikuuma?"

Na nikasikia viatu vinavuliwa baraza zima.

Nesi alifanya kazi hadi jua likapinda. Mama alizunguka na ile stuli, anaketi mbele ya mtu, anatazama, anasogea kwa mwingine, na nilimwona akifumba macho mara moja moja kwa mazoea, kisha akiyafumbua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Mtu mmoja asiyetujua akaniuliza yule mama ni daktari wa wapi. Nikamjibu yule ni mfinyanzi, na mimi ndiye ninayemkanyagia udongo. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie.

Siku hizi jioni yetu ina kelele. Fundi Matofali akimaliza kujitazama anapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Mitungi, nimetazama!"

Mama, kioo chake sakafuni, anamjibu, "Na katikati ya vidole?"

Tunasikia benchi likilia, mzee anainama tena.